Boila Moja, Miji Miwili

Katika kiwanda cha sabuni cha Hajji Isabirye hakuna aliyempenda Mariat Nangobi, karani wa hesabu, naye alijua hivyo na alisema hajali. Wapishi wa sabuni walimchukia kwa sababu alihesabu hata kuni. Madereva walimchukia kwa sababu aliwauliza, mbele za watu, kwa nini lori linakunywa mafuta mengi likirudi Jinja tupu kuliko likienda Mbale na mzigo, wakati barabara ni ileile. Makarani wenzake walimchukia kwa sababu alikwenda kusoma Nairobi miaka ambayo wao walikuwa wanakimbia risasi, kisha akarudi na maneno yake ya gharama hii ya kudumu na gharama ile ya kubadilika, kana kwamba sabuni hupikwa kwa maneno. Hajji mwenyewe alimvumilia kwa sababu moja tu: tangu aje, kiwanda kilikuwa kinajua kinakula wapi na kinaliwa wapi.

Januari ya mwaka themanini na saba Hajji alimwita ofisini kwake, juu ya duka lake la barabara kuu ya Jinja. Alimkuta amekaa na Nicanor Masaba, meneja wa kiwanda cha Mbale, Mgisu mnene mwenye macho ya kucheka hata akiwa na hasira. Mariat na Masaba hawakusalimiana. Mwaka uliopita Mariat alikuwa amempunguzia Masaba posho ya mafuta ya gari, na katika ripoti yake akaandika neno ambalo mtu hasahau.

"Sikilizeni," Hajji alisema. "Nina viwanda viwili na boila moja la mvuke wa kupikia. Lile la Mbale, askari wa serikali iliyoanguka walipokuwa wanakimbia waling'oa mabomba yake ya shaba wakaenda kuyauza. Pesa ya kununua lingine sina. Sasa nataka kujua: boila hili la Jinja likae hapahapa, sabuni ipelekwe Mbale kwa lori? Au lihamishiwe Mbale, sabuni ije Jinja kwa lori? Sitaki maneno. Nataka hesabu."

"Mbale," alisema Masaba.

"Hiyo si hesabu," alisema Mariat.

Hesabu yenyewe si uchawi. Kwanza unajiuliza ni kitu gani kinachokubana. Kiwanda cha Hajji kilibanwa na kostiki, yale magadi makali yanayoyageuza mafuta kuwa sabuni, ambayo yalitoka Mombasa kwa treni na hayakutosha hata mara moja. Kwa hiyo huulizi ni mche upi wa sabuni wenye faida kubwa. Unauliza kilo moja ya kostiki ikipikwa Jinja italeta nini, na ikipikwa Mbale italeta nini, ukishatoa kuni, mafuta ya pamba, mishahara na lori. Halafu unaweka mipaka: boila haliwezi kupika zaidi ya hapa, lori haliwezi kubeba zaidi ya pale, watu hawawezi kununua zaidi ya vile. Kila mpaka unakuwa mstari kwenye karatasi ya miraba, na jibu liko kwenye kona moja mistari inapokutana. Mariat aliipenda kona hiyo kupita kiasi. Katika nchi ambayo kila mwenye bunduki alikuwa na jibu lake, alijiona ana jibu lisilomwogopa mtu.

Lakini ule mpaka wa watu wanaonunua unahitaji mwaka wa kupimia. Themanini na tano haukuwa mwaka, ulikuwa uporaji tu, maduka yamevunjwa tangu Jinja hadi Mbale. Kumbukumbu za miaka ya nyuma yake askari waliolala ofisini walizichoma wakichemshia chai. Ulibaki themanini na sita, tangu Aprili, mambo yalipotulia. Ulikuwa mwaka safi, wenye mauzo ya kila mwezi, na mauzo ya Mbale, ya sabuni iliyopelekwa kwa lori kutoka Jinja, yalianza kupanda Juni, yakafika Agosti yamepita Jinja mara mbili. Mariat aliyatazama mauzo hayo ya Agosti akafurahi. Alisema moyoni kwamba nchi inapona, na inaanza kupona kutokea Mbale.

Mistari yake hiyo nusura imtie matatani. Walikuwa wanakwenda Mbale na Masaba kuhakikisha mauzo, wakasimamishwa kwenye kizuizi karibu na Tororo. Askari mmoja mrefu alipekua mkoba wa Mariat akatoa ile karatasi ya miraba, akaigeuza juu chini, sura ikambadilika.

"Hii ni ramani ya nini? Hapa ndio watu yenu napita?"

"Afande, hiyo ni sabuni."

"Sabuni gani iko na mistari? Wewe nafikiri mimi mujinga? Shuka chini!"

Mariat alishuka mikono juu. Askari aliweka kidole pembeni mwa karatasi. "Na hii themanini na sita ni nini? Ni watu? Ni bunduki?"

"Ni mwaka, afande. Mwaka jana. Miaka mingine yote ilikuwa ya vita, haifai. Huo mmoja ndio nimepimia hesabu yote."

Masaba alikuwa amekwisha kushuka upande wa pili. Aliposikia hayo aligeuka akamtazama Mariat, akafungua kinywa, akakifumba. Kisha akamshika yule askari begani. "Afande, achana na huyu madamu. Ni mutu ya hesabu, hana akili ingine." Akatoa miche miwili ya sabuni kwenye gari, nao wakaruhusiwa kupita. Njia yote iliyobaki Masaba alitazama dirishani na kupiga mluzi, na Mariat akadhani anamcheka kwa kuogopa bunduki.

Jibu likatoka: Mbale. Hajji aliitazama ile kona ya mistari, akaitikia kwa kichwa, na jambo likaisha, isipokuwa kwa Waiswa.

Waiswa alikuwa mpishi mkuu wa sabuni Jinja, mtu ambaye alijua kwa harufu kama tangi limeiva. Mikono yake ilikuwa na madoa meupe ya kostiki hadi kwenye viwiko. Alikuwa pia kaka wa mama yake Mariat, na mshahara wa madoa hayo ndio uliolipa karo ya Nairobi. Mariat alimwomba Masaba amchukue Waiswa Mbale, Masaba akamjibu kwamba Mbale wapishi wapo. Basi akamwendea mjomba wake mwenyewe, kando ya tangi lililokuwa limepoa.

"Ni mpaka Desemba tu, Mjomba. Mauzo ya Agosti kule yatanunua boila la pili, nalo nitalifunga hapahapa. Nimekwisha kulipigia hesabu. Desemba unarudi kazini."

"Hiyo ni ahadi ya karatasi au ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi nitakwenda nyumbani Buwenge nilime mihogo," Waiswa alisema. "Mtoto wangu akisema Desemba, ni Desemba."

Machi ukuta wa kiwanda ulibomolewa, boila likatolewa kwa minyororo, mabomba yakakatwa ili lipande lori. Wafanyakazi waliopoteza kazi walisimama kando ya barabara wakimtukana Mariat kwa Lusoga, Kiswahili na Kiingereza, asije akasema hakuelewa. Usiku mtu alimmwagia maji ya sabuni mlangoni, na asubuhi akaanguka kwa kishindo, majirani wakacheka bila kujificha. Aliinuka akafuta kiwiko. Desemba wataniomba radhi, alijiambia, na alisema hivyo kwa chuki, maana alikuwa amechoka kuchukiwa bila yeye kuchukia.

Agosti ikaja, sabuni haikununuliwa.

Ilinunuliwa kidogo, kama inavyonunuliwa mwezi wowote, na iliyobaki ikapangwa Mbale mpaka ikazuia madirisha ya stoo. Mariat alimwandikia Hajji sababu kwa neno moja: vita. Huko Teso waasi walikuwa wamefunga njia, na wateja wa Soroti na Kumi hawakuteremka. Ilikuwa sababu nzuri, na kwa wiki kadhaa aliiamini. Mwanzoni mwa Septemba akapanda kwenda Mbale kuihakikisha.

Alishuka Namakwekwe, mtaa wa pembeni mwa mji, akapita katikati ya vyumba vya kupanga na vibanda vya wauza mkaa. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara, mwanamke anaanika mtama, redio inalia ndani kwa mtu. Palikuwa pametulia sana. Mariat alisimama katikati ya njia, na kwa muda hakujua kwa nini amesimama. Kisha akakumbuka kwamba mwaka uliopita, mwezi wa nane, alipita njia hiihii akashindwa kutembea. Vijana waliopakwa unga walikuwa wanacheza, njuga mapajani, filimbi, ngoma, ukoo mzima nyuma yao, na wageni kutoka milimani na hata kutoka Bungoma wamejaa kila ua. Ilikuwa ni imbalu.

Na alijua! Mtoto yeyote wa mashariki anajua kwamba Wagisu huwatahiri vijana wao mwaka wa shufwa, ule unaogawanyika kwa mbili, na mwaka wa witiri ngoma zinalala. Mariat alijua hivyo tangu hajaota meno. Ila jambo hilo lilikaa upande mmoja wa kichwa chake na sabuni upande mwingine, na mambo hayo mawili hayakuwahi kusalimiana. Boma lenye kijana wa kutahiriwa linapokea wageni wiki nzima, nguo zinafuliwa, masufuria ya karamu yanasuguliwa, na hakuna shangazi anayefika mikono mitupu. Vita vilimlazimisha achague mwaka mmoja wa kupimia, naye akachagua mwaka wa ngoma.

Aliingia ofisini kwa Masaba bila kubisha hodi.

"Ulijua."

Masaba hakuuliza alijua nini. Alifunga kalamu yake taratibu. "Nilijua. Siku ile ya afande, uliposema ni themanini na sita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza? Uliniuliza namba, mimi nikakupa namba. Hakuna hata moja ya uongo. Halafu wewe ndio uliandika kwa Hajji ati Masaba ni mwizi. Mwizi unamuuliza mambo ya hesabu?" Macho yake yalikuwa yanacheka, lakini sauti haikucheka. "Mimi nilitaka boila. Boila ilikuja. Sasa unalia nini, madamu?"

"Mjomba wangu amekosa kazi! Watu wa Jinja wamekosa kazi kwa ajili ya uovu wako!"

"Na watu yangu hapa? Tangu askari wang'oe mabomba walikaa hivyo, watoto nakula mara moja kwa siku. Hao ulilia wao? Uliwaandika kwa mstari gani?"

Swali hilo lilimwasha Mariat kuliko kostiki. Aliokota mche wa sabuni mezani akamrushia kwa nguvu zake zote. Masaba akainama, mche ukapiga ukuta ukavunjika.

"Hiyo nayo iandike kwa hasara," alisema Masaba.

Mariat alirudi Jinja siku hiyohiyo, akamweleza Hajji yote, la ngoma na la ukimya wa Masaba. Hajji alipiga meza akasema huyo mtu atamfukuza na boila litarudi. Lakini kabla hajafanya lolote waasi wa kaskazini walishuka hadi karibu na Jinja, wengi, wakiimba. Mizinga ililia, watu wakalala chini ya vitanda, viwanda vikafungwa. Walipopigwa na barabara kufunguliwa, Novemba, Hajji alikuwa na hasira yake ileile, ameitunza vizuri. Akamwambia Mariat amletee hesabu ya kulirudisha boila.

Hesabu hiyo aliifanya kwa hamu. Alitaka boila lirudi kuliko Hajji alivyotaka. Alitaka Masaba atolewe nje na viti vyake, alitaka Waiswa asimame tena kando ya tangi kabla Desemba haijaisha. Alifanya mara ya kwanza, jibu likatoka baya. Akafanya tena. Ilikuwepo namba moja ambayo angeweza kuilegeza, bei ya kuchomelea mabomba, maana fundi alimtajia kwa mdomo tu na hapakuwa na mtu mwingine aliyemsikia. Angeipunguza hiyo, boila lingerudi, na hakuna ambaye angejua. Aliiandika ikiwa imepunguzwa, akaikata, akaiandika tena kama ilivyotajwa. Alilia kwa hasira, kisha akachukua karatasi akaenda.

"Hajji, nilikosea," alisema. "Ukichanganya mwaka wa ngoma na mwaka wa kimya, Jinja inashinda. Si kwa mengi, lakini inashinda. Boila halikupaswa kutoka hapa."

"Basi lirudi!"

"Hapana. Kulihamisha kumekwisha kula pesa yako, na pesa hiyo hairudi, tukilirudisha au tusilirudishe. Iliyokwisha kutumika haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kilichoko mbele, na mbele kuna kukata mabomba upya, kujenga upya, na kiwanda kulala miezi ile Mbale inapoingia kwenye ngoma za mwaka ujao. Ukilirudisha utapoteza mara ya pili. Liache huko."

Hajji aliisukuma karatasi kando. "Na huyo Masaba?"

"Anajua kuuza. Kumtoa sasa, kabla ya mwaka wa ngoma, ni hasara. Abaki."

"Na boila la pili?"

"Labda themanini na tisa, nchi ikitulia."

"Na wewe niliyekuamini?"

"Ukinifukuza ni haki yako."

"Nikufukuze, nitafute mwingine, nimlipe, nimfundishe, naye akosee la kwake!" Hajji alitema maneno. "Hesabu yako mwenyewe inasema ubaki. Toka mbele yangu."

Jumamosi alikwenda Buwenge. Angeweza kumtuma mtu, na kwa kweli aliwaza kumtuma mtu, lakini ahadi aliitoa kwa kinywa chake. Nulu, mke wa Waiswa, alimpokea kwa furaha, akampigia magoti kama wanavyosalimia kwao, akamwekea kiti kivulini na kwenda jikoni kuinjika chai. Waiswa alitoka shambani, akanawa, akakaa mbele yake. Madoa ya mikono yake yalikuwa yameingia udongo.

"Umekuja mapema," alisema, akitabasamu. "Bado hatujafika Desemba."

Mariat alimweleza. Alieleza ngoma, alieleza Agosti, alisema kosa ni lake. Waiswa alisikiliza hayo yote bila kukasirika, hata akacheka kidogo kwamba binti wa shule nyingi hivyo amesahau imbalu. "Kukosea ni kukosea," alisema. "Lirudisheni tu. Hajji si mtu mbaya, amesemaje?"

"Hajji alitaka lirudi. Mimi ndiye niliyekataa."

Tabasamu la Waiswa liliondoka polepole. "Nieleze. Kama ulivyomweleza Hajji."

Akamweleza, kwa Lusoga, kwa maneno yaleyale. Kwamba iliyokwisha kutumika haihesabiwi, irudi au isirudi, na mtu mwenye akili hutazama mbele tu. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo katika ua ule alitaka kunyamaza, lakini alikuwa amekwisha kuanza, na mjomba wake alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayejifunza.

"Nimeelewa," alisema Waiswa. "Ni sheria nzuri. Inapunguza maneno." Aliinama akatazama mikono yake. "Ile karo niliyokulipia, nayo imekwisha kutumika, si ndiyo?"

"Mjomba, si hivyo."

"Imetumika. Hairudi, nikikupenda au nisikupende. Basi nami nisiihesabu." Aliinuka. "Mbele yangu kuna mihogo. Wewe sikuoni huko. Nulu! Ipua hiyo chai, mgeni anaondoka."

Mariat alisema kwamba sheria ile ni ya boila, si ya watu. Alisema mara mbili, ya pili akiwa amesimama, maana Waiswa alikuwa ameshika mgongo wa kiti alichokalia na kungoja. Alimwangalia usoni akitafuta hasira, kwa sababu hasira aliizoea na alijua jinsi ya kuikabili. Hakuiona. Mjomba wake alichukua kiti, akakiingiza ndani na kufunga mlango.

Nulu alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni na birika mkononi. Kwao mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya, walau hadi mwisho wa ua. Mariat alimngoja kidogo. Nulu alimwaga ile chai chini, akarudi jikoni, na Mariat akatembea peke yake kwenda kutafuta gari la Jinja, akilia mbele ya watu wa soko.